Barua ya Wazi kwa Wanaotia Saini Vibali vya Kuuza Silaha Nje

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya ulinzi, biashara na mambo ya nje, na kwa wakuu wa mamlaka zinazotoa vibali vya kusafirisha silaha nje ya nchi.

YAH: MWENENDO WA MPOKEAJI UPIMWE KABLA NA BAADA YA KIBALI KUTOLEWA

Waheshimiwa,

Kwa heshima zote, ninawaandikia kuhusu karatasi ambayo haina nguvu yoyote bila saini zenu. Hakuna bunduki, kifaru, kombora wala shehena ya risasi inayovuka mpaka kihalali bila kibali cha serikali ya nchi inakotoka, na kwa sababu hiyo biashara ya silaha haifanani na biashara nyingine: muuzaji anaweza kuwa kampuni binafsi, lakini anayeruhusu mauzo ni dola, na wa kuulizwa kuhusu ruhusa hiyo ni ninyi. Sibishani na haki ya nchi kununua silaha za kujilinda. Haki ya kujilinda inatambuliwa na ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na nchi iliyovamiwa haiwezi kuambiwa ikae isubiri. Ninalolijadili ni namna mnavyofikia uamuzi, kwa kuwa katika maamuzi yaliyofikishwa mahakamani na bungeni katika nchi mbalimbali naliona kosa moja likirudiwa na serikali ambazo kwa mengine hazifanani hata kidogo: ahadi ya mnunuzi hupewa uzito kuliko matendo yake, na kibali kikishatolewa huachwa kiendelee hata matendo hayo yanapozidi kuharibika.

Sheria hazikosekani. Mkataba wa Biashara ya Silaha ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013 kwa kura 154 dhidi ya 3, huku nchi 23 zikijizuia kupiga kura, na ukaanza kutumika tarehe 24 Desemba 2014. Ibara yake ya 6 inakataza kabisa kuruhusu silaha pale nchi inapojua, wakati wa kutoa idhini, kwamba zitatumika katika mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu au uhalifu wa kivita wa aina zilizotajwa humo. Katazo hilo lisipohusika, ibara ya 7 inaitaka nchi ipime kama silaha hizo zinaweza kutumika kutenda au kuwezesha ukiukaji mkubwa wa sheria za kimataifa za kibinadamu au wa haki za binadamu, na izingatie pia ukatili wa kijinsia. Umoja wa Ulaya, uliokuwa na kanuni za maadili tangu 1998, ulizigeuza mwaka 2008 kuwa Msimamo wa Pamoja wenye vigezo vinane vinavyozifunga nchi wanachama. Italia ina Sheria namba 185 ya mwaka 1990, na Afrika Kusini ina sheria yake ya mwaka 2002 ya kudhibiti silaha za kawaida. Marekani, ambayo kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani na silaha, ilitoa asilimia 43 ya silaha kubwa zilizouzwa nje duniani kati ya 2020 na 2024, ilitia saini mkataba huo mwaka 2013, haikuuridhia kamwe, na mwaka 2019 ikatangaza kwamba haina nia ya kuuridhia. Hata hivyo nayo ina sheria zake, ikiwamo ile inayojulikana kwa jina la seneta Patrick Leahy, inayokataza msaada kwa kikosi cha usalama kinachotajwa na taarifa za kuaminika kuwa kimevunja vibaya haki za binadamu. Ni kweli kwamba Urusi na India hazijatia saini mkataba wenyewe. Lakini nchi nyingi kati ya zile zinazouza kwa wingi zimekwisha kujifunga kwa maandishi yao wenyewe.

Tatizo ni kwamba swali linaloulizwa ofisini mara nyingi silo lililoandikwa katika sheria. Sheria inauliza kuhusu hatari. Kigezo cha pili cha Umoja wa Ulaya kinataka kibali kikataliwe pale penye hatari dhahiri kwamba silaha huenda zikatumika kukandamiza raia au kuvunja vibaya sheria za kibinadamu. Neno "huenda" limewekwa pale kwa makusudi. Ofisini swali hubadilishwa na kuwa: je, tuna ushahidi kwamba shehena hii hasa ndiyo itakayoua raia? Likiulizwa hivyo, jibu litakuwa "hapana" kila siku, kwa maana hakuna awezaye kuthibitisha jambo ambalo halijatokea. Hatari hupimwa kwa yaliyokwisha kutendwa. Jeshi lililopiga masoko na hospitali mwaka jana, likapewa taarifa, lisimwajibishe yeyote, limeshatoa maelezo ya kutosha kuhusu litakavyozitumia silaha za mwaka huu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uingereza, kwa kuwa kesi ililazimisha mambo ya ofisini yatoke hadharani. Muungano ulioongozwa na Saudi Arabia ulipoanza mashambulizi ya anga nchini Yemen mwezi Machi 2015, serikali ya Uingereza iliendelea kutoa vibali vya ndege za kivita, vipuri na mabomu. Shirika la Campaign Against Arms Trade, linalopinga biashara ya silaha, lilikwenda mahakamani, na tarehe 20 Juni 2019 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba utaratibu uliotumika ulikuwa na kasoro ya kisheria, kwa sababu mawaziri hawakufikia hitimisho lolote kuhusu kama muungano huo ulikwisha kuvunja sheria za kibinadamu katika mashambulizi yaliyopita, wala hawakujaribu kulifikia. Ninaomba hoja hiyo isisomwe kwa haraka. Serikali yenye wanasheria, maofisa wa kijeshi na vyombo vya upelelezi vya kutosha ilikuwa ikikadiria hatari ya kesho bila kuamua lolote kuhusu yaliyotokea jana. Mahakama haikuamuru mauzo yakome moja kwa moja. Iliagiza vibali vipimwe upya kwa njia sahihi. Mwezi Julai 2020 waziri alirudi na jibu kwamba matukio ambayo huenda yalikuwa ukiukaji yalikuwa ya mojamoja yasiyohusiana, yakitokea nyakati tofauti, katika mazingira tofauti na kwa sababu tofauti, kwa hiyo hayakuonyesha mwenendo wowote. Vibali vikaendelea kutolewa, na kesi ya pili ikatupwa na Mahakama Kuu mwezi Juni 2023, sehemu ya ushahidi ikiwa imesikilizwa faraghani.

Hoja ya matukio ya mojamoja hainiridhishi. Tarehe 8 Oktoba 2016 ndege za muungano huo zilipiga ukumbi uliojaa waombolezaji mjini Sana'a na kuua watu wapatao 140. Tarehe 9 Agosti 2018 zikapiga basi la wanafunzi katika mji wa Dahyan, na watoto 40 wakafa. Ukiyatazama matukio hayo mojamoja, kila moja utalipatia sababu yake: hapa taarifa za kijasusi zilikosewa, pale amri haikufuata ngazi zake. Lakini jeshi ambalo kila mara hukosea kwa sababu mpya, na kila mara wanaokufa ni wale wale, lina mwenendo, na kuugawa mwenendo huo katika vipande vidogo hadi usionekane ni ustadi wa uandishi ambao mpima hatari hapaswi kuusifia.

Marekani nayo ilionyesha mwaka 2024 namna ahadi inavyoweza kuushinda ushahidi ndani ya waraka mmoja. Mwezi Februari mwaka huo Rais Biden alitoa agizo lililoitaka serikali ipate kutoka kwa nchi zinazopokea silaha zake uhakikisho wa maandishi kwamba zitafuata sheria za kibinadamu, kisha itoe taarifa kwa Bunge. Taarifa ilipotoka mwezi Mei ilisema ni busara kukadiria kwamba silaha za Marekani zimetumiwa na Israel huko Gaza katika matukio yasiyolingana na wajibu wake wa kisheria. Na taarifa hiyo hiyo ikahitimisha kwamba uhakikisho uliotolewa na Israel ni wa kuaminika. Sijui ni mkopeshaji gani angekubali hesabu ya namna hiyo. Agizo lenyewe lilifutwa mwezi Februari 2025, kwa hiyo hata utaratibu ule dhaifu haupo tena.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, yaani kwenye hati ya mtumiaji wa mwisho. Hiyo ndiyo ahadi rasmi ambayo mnunuzi huitia saini akisema kwamba silaha ni kwa matumizi yake, na kwamba hatampa mwingine bila ridhaa ya muuzaji. Waswahili tunasema ahadi ni deni, lakini deni hili katika biashara ya silaha ni nadra kudaiwa. Maguruneti ya mkono yaliyouzwa na Uswisi kwa Umoja wa Falme za Kiarabu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionekana Syria mwaka 2012, ingawa mnunuzi alikuwa ameahidi kutoyapeleka kwingine. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu yake ilitolewa kwa Jordan, na kutoka huko ikasafiri tena. Jambo la kuheshimika ni kwamba Uswisi haikuishia kulalamika. Ilianzisha utaratibu wa kutuma maofisa wake katika nchi za wanunuzi kuhesabu silaha zilizouzwa, na Ujerumani baadaye ikaufuata kwa sehemu.

Ujerumani ilikuwa na sababu zake. Kati ya mwaka 2006 na 2009 maelfu ya bunduki aina ya G36 za kampuni ya Heckler & Koch ziliuzwa Mexico kwa sharti kwamba zisifike katika majimbo manne, likiwamo Guerrero, kwa sababu ya hali ya haki za binadamu huko. Zilifika. Usiku wa Septemba 2014 walipotoweka wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa katika mji wa Iguala, ulioko Guerrero, polisi wa mji huo walikuwa na bunduki hizo katika ghala lao. Mwezi Februari 2019 mahakama ya Stuttgart iliwatia hatiani wafanyakazi wawili wa zamani wa kampuni hiyo na kuiamuru kampuni ilipe zaidi ya yuro milioni 3, na mwezi Machi 2021 mahakama ya juu ikathibitisha hatia hizo. Lakini katika hukumu hizo lilijitokeza jambo ambalo kila mwandishi wa sheria anapaswa kulitazama: mahakama ziliona kwamba hati ya mtumiaji wa mwisho haikuwa sehemu ya kibali chenyewe. Washtakiwa waliadhibiwa kwa kupata vibali kwa udanganyifu. Bunduki kufika mahali zilipokatazwa hakukuwa, kwa mujibu wa maneno ya kibali, kuvunja kibali. Sharti lililowatuliza waliotia saini halikuwa na meno.

Udhaifu wa karatasi ulionekana pia karibu nasi. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina iliyokuwa imetoka Ukraine na vifaru 33 aina ya T-72, pamoja na silaha nyingine na risasi. Hati zilionyesha kwamba mnunuzi ni Kenya, na serikali ya Kenya ilisisitiza kwamba shehena ni yake. Lakini katika nyaraka za meli mlikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa ni kifupi cha Serikali ya Sudan Kusini, na nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovuja miaka miwili baadaye zikaeleza kwamba huko ndiko vifaru vilikokuwa vikielekea. Kama si maharamia, watu wa nje wasingejua. Ni aibu kwa mfumo mzima wa udhibiti kwamba ukaguzi uliofanikiwa kuliko wote katika pwani hii ulifanywa na majambazi waliokuwa wakitafuta fidia.

Nchi zinazopitishiwa shehena nazo zina sehemu yake. Mwezi Aprili 2008 meli ya Kichina, An Yue Jiang, ilifika Durban ikiwa na risasi na silaha kwa ajili ya serikali ya Zimbabwe, wakati matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika Machi 29 yalikuwa bado hayajatangazwa na taarifa za wapinzani kupigwa zikiongezeka. Kamati ya kudhibiti silaha ya Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuidhinisha shehena ipitishwe kwa barabara. Waliokataa walikuwa wapakuaji wa bandarini na chama chao, kisha Mahakama Kuu ya Durban ikatoa amri ya kuizuia shehena, na meli ikang'oa nanga bila kupakua. Kamati na wapakuaji walikuwa na taarifa zile zile za magazetini. Tofauti ni kwamba kamati ilitazama kama fomu zimekamilika, na wapakuaji walitazama nani anaipokea shehena na katika wiki gani.

Waheshimiwa, hadi hapa nimezungumzia siku ya kutoa kibali. Siku zinazofuata zina tatizo lake, na naliona kuwa zito zaidi. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Biashara ya Silaha, katika kifungu chake cha 7, inasema kwamba nchi iliyotoa idhini ikipata taarifa mpya za maana inahimizwa kuipima upya idhini hiyo. Inahimizwa tu. Walioujadili mkataba walikubaliana kulazimisha tathmini kabla ya saini, na baada ya saini wakaacha mlango wazi. Vibali vingi hudumu miaka kadhaa na mikataba ya matengenezo hudumu miongo, kwa hiyo silaha iliyoidhinishwa wakati wa amani huendelea kupelekwa katikati ya vita kwa nguvu ya uamuzi uliofanywa na watu ambao huenda wamekwisha kustaafu.

Kwamba kibali kinaweza kufutwa, Italia ilithibitisha. Siku ile ile ukumbi wa Sana'a ulipopigwa, bomu lilianguka pia katika kijiji cha Deir al-Hajari na kuua familia ya watu sita, wanne kati yao wakiwa watoto. Katika mabaki palipatikana kipande kilichotengenezwa na kiwanda cha RWM kilichoko Sardinia, kisiwa cha Italia. Sheria namba 185 tangu 1990 ilikataza mauzo ya namna hiyo. Hata hivyo mauzo ya mabomu kwa Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu yalisitishwa tu ilipofika katikati ya mwaka 2019, na vibali vikafutwa mwezi Januari 2021, vikihusu mabomu zaidi ya 12,000 ambayo hayakuwa yamepelekwa. Nashukuru kwamba ilifanyika. Lakini kutoka siku ya bomu hadi siku ya kufuta ilipita miaka minne na zaidi, na katika muda huo sheria haikubadilika hata neno. Kilichobadilika ni hesabu za kura bungeni na shinikizo la wananchi.

Mahakama zimeanza kuligusa eneo hili kwa tahadhari. Tarehe 12 Februari 2024 mahakama ya rufaa ya The Hague iliiamuru Uholanzi isitishe ndani ya siku saba kupeleka Israel vipuri vya ndege za kivita aina ya F-35, ikisema kuna hatari dhahiri kwamba vitatumika katika ukiukaji mkubwa; mwezi Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliona kwamba uamuzi ni wa waziri, lakini ikampa wiki sita akipime upya kibali. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika shauri la Nicaragua dhidi ya Ujerumani kuhusu silaha zinazopelekwa Israel, ilikataa tarehe 30 Aprili 2024 kutoa amri za dharura, na papo hapo ikaona ni muhimu kuzikumbusha nchi zote wajibu wao kuhusu kupeleka silaha kwa pande zilizo vitani. Majaji hawapendi kukaa katika viti vyenu, na nadhani wana haki. Ndiyo maana viti hivyo vinapaswa kufanya kazi yake.

Suala la vipuri linahitaji neno la peke yake. Ndege ya F-35 hutengenezwa kwa vipande kutoka nchi nyingi, na vipuri huingia katika akiba ya pamoja ambamo kila mtumiaji huchota. Uingereza iliposimamisha vibali vipatavyo 30 kati ya takribani 350 vilivyohusu Israel tarehe 2 Septemba 2024, kwa hoja kwamba kulikuwa na hatari dhahiri, iliviacha vipuri vya F-35 vinavyopitia akiba hiyo, kwa maelezo kwamba kuvizuia kungeathiri mpango mzima wa washirika. Mahakama Kuu ilikataa kuingilia mwezi Juni 2025. Naelewa ugumu wa kiufundi. Ila matokeo yake ni kwamba kadiri silaha inavyotengenezwa na nchi nyingi zaidi, ndivyo kila moja inavyojiona kuwa na wajibu mdogo zaidi, na silaha yenye uwezo mkubwa kuliko zote ndiyo inayobaki bila mtu wa kuisimamisha. Mikataba ya uzalishaji wa pamoja iandikwe tangu mwanzo ikiwa na njia ya kumzuia mtumiaji mmoja bila kuwaangusha wengine.

Kuna pia vifaa ambavyo havimo kabisa katika makundi manane ya silaha yanayotajwa na mkataba. Mabomu ya machozi ni mojawapo. Korea Kusini ilisimamisha mwezi Januari 2014 kuyapeleka Bahrain, kwa uamuzi wa mamlaka yake yenyewe, baada ya malalamiko kuhusu vifo vya raia. Programu za kudukua simu ni nyingine: Pegasus ya kampuni ya NSO iliuzwa kwa serikali za nje kwa vibali vya wizara ya ulinzi ya Israel, ikakutwa katika simu za waandishi wa habari na watetezi wa haki, na Marekani ikaiweka kampuni hiyo katika orodha yake ya vikwazo mwezi Novemba 2021. Vipimeni kwa kipimo kile kile.

Mtanijibu kwamba tusipouza sisi atauza mwingine. Hoja hii ina ukweli kwa bunduki na risasi, ambazo soko lake limejaa. Kwa silaha kubwa ukweli wake ni mdogo, kwa sababu jeshi la anga lililojengwa juu ya ndege za nchi fulani linategemea vipuri, mafundi na programu za nchi hiyo kwa miongo, na kuhamia kwa muuzaji mwingine huchukua miaka mingi na fedha nyingi. Utegemezi huo ndio nguvu mliyo nayo, na mara nyingi mmeitumia kwa kuyumba. Serikali ya Obama ilizuia mabomu ya kulenga kwa usahihi yasiende Saudi Arabia mwezi Desemba 2016. Serikali ya Trump ikayaruhusu mwaka 2017. Biden akasitisha silaha za mashambulizi mwaka 2021, kisha mwezi Agosti 2024 zuio likaondolewa. Mnunuzi aliyetazama miaka hiyo minane hakuona sababu ya kubadili mwenendo wake. Aliona sababu ya kusubiri uchaguzi.

Nakiri kwamba ukali nao unaweza kukosa shabaha. Uswisi ilikataa mwaka 2022 na 2023 maombi ya nchi nyingine za Ulaya zilizotaka kuipelekea Ukraine risasi na silaha zilizotengenezwa Uswisi, kwa kuwa sheria yake ilitazama kama kuna vita na haikutofautisha anayevamia na anayejilinda. Kipimo cha mwenendo kingeuliza swali jingine, na huenda kingetoa jibu jingine.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo yaingizwe katika sheria na kanuni zenu. Kila ombi la kibali kwa jeshi au polisi wa nchi yenye taarifa za ukiukaji liambatane na hitimisho la maandishi, tukio kwa tukio na kwa ujumla wake, kuhusu kilichotokea na hatua zilizochukuliwa dhidi ya waliohusika, na pasipo hitimisho hilo kibali kisitolewe. Hitimisho hilo liandikwe na watu wasiopimwa utendaji wao kwa thamani ya mauzo. Haipendezi kwamba katika serikali nyingi wizara inayotangaza silaha kwenye maonyesho ndiyo hiyo hiyo inayoamua nani asiuziwe. Hati ya mtumiaji wa mwisho iwe sehemu ya kibali, ili kuivunja kuwe kosa la jinai, na iwe na haki ya ukaguzi papo hapo. Afrika Kusini ilikuwa na kipengele cha ukaguzi wa aina hiyo. Wanunuzi wa Ghuba walikikataa, mauzo yakakwama mwaka 2019, na mwaka 2020 kikalegezwa ili ukaguzi upitie njia za kidiplomasia. Nchi moja haiwezi kusimama peke yake mbele ya mnunuzi tajiri, na hilo ndilo jambo ambalo mikutano ya kila mwaka ya nchi wanachama wa mkataba ingepaswa kulishughulikia: kipengele kimoja cha ukaguzi kinachodaiwa na wauzaji wote kwa pamoja.

Lililo muhimu kwangu kuliko yote ni kwamba kila kibali kiwe na tarehe ya kupimwa upya, na kisimame chenyewe pale vita vinapozuka au Baraza la Usalama linapoweka vikwazo, mpaka waziri atie saini ya pili akieleza kwa nini kiendelee. Kwa sasa kuendelea hakuhitaji sababu na kusitisha kunahitaji nyingi. Taarifa za vibali zitolewe kila robo ya mwaka, zikitaja aina ya silaha, thamani yake na kikosi kitakachozipokea. Mkataba unataka taarifa ya mwaka ifikapo Mei 31, lakini unaruhusu nchi kuifanya iwe ya siri kwa wanachama peke yao, na bunge linalosoma takwimu za mwaka uliopita hujadili silaha ambazo zimekwisha kufyatuliwa.

Ninaomba pia jibu la maandishi, litolewe hadharani, kwa swali hili: katika miaka mitano iliyopita, ni vibali vingapi ambavyo ofisi zenu zilivisitisha au kuvifuta kwa sababu ya taarifa mpya kuhusu mwenendo wa mpokeaji, bila kulazimishwa na mahakama, na ilichukua siku ngapi tangu taarifa hizo zilipowafikia?

Wasalaam,

Raia anayefuatilia udhibiti wa biashara ya silaha